Profesa wa Makofi

Katika mji wowote wenye watu wanaojiheshimu, dobi hujua siri nyingi kuliko polisi. Polisi humjua mtu akishakamatwa. Dobi hujua kilichomo mifukoni mwake kabla hajakamatwa. Ndiyo maana Sharubati, mtu wa miaka thelathini na ushee ambaye hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho, alipenda kushinda kwenye kibanda cha dobi, nyuma ya makoti ya watu yaliyotundikwa, akinywa chai ya dobi na kusoma magazeti ambayo dobi aliyaweka ya kufungia nguo.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na watu waliowahi kumsikiliza. Maneno yake yalishuka kooni baridi na matamu, na mtu hakujua amekunywa nini mpaka tumbo lilipoanza kuuma. Aliwahi kumpangisha mgeni mmoja benchi la bustani ya umma, pamoja na kivuli chake, na kumwekea sharti kwamba kivuli kikihama, kodi haipungui.

Wiki hiyo, hata hivyo, Sharubati alikuwa na shida ya kweli, na shida ya kweli humnyima tapeli usingizi, maana haitatuliwi kwa maneno. Upepo ulikuwa umeezua nyumba ya mama yake mzazi. Mama akahamia kwa dada yake Sharubati, na dada akawa anapiga simu kila asubuhi.

"Mabati yako wapi?"

"Yako njiani, dada."

"Njia gani hiyo isiyo na mwisho? Mama amehamisha kabati langu, anasema lilikuwa linatazama upande mbaya. Jana amemfundisha shemeji yako kukunja shuka."

"Si vizuri?"

"Shemeji yako ana miaka hamsini! Sasa sikiliza, mdogo wangu. Mpaka Jumatatu ijayo kama sijaona mabati, namleta mama akae kwako."

Kwake palikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, na ndani ya chumba hicho hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho mama alipaswa kukiona.

Basi hali ikiwa hivyo, siku ya Jumanne aliingia kwa dobi mtu ambaye, kwa macho ya Sharubati, alikuwa paa linalotembea. Alikuwa Mzee Mabati, mwenye ghala kubwa la vifaa vya ujenzi, tumbo mbele, suti mkononi.

"Dobi, nipigie hii pasi mpaka nzi akitua ateleze."

"Kuna harusi, mzee?"

"Ingekuwa harusi nisingeogopa. Ni tamasha. Jumapili, saa kumi jioni, pale ukumbi mkubwa. Okestra inakuja mjini kwetu mara ya kwanza. Watu sitini, mafidla, matarumbeta, na hakuna hata mmoja anayeimba!"

"Sasa watu watachezaje?"

"Hawachezi. Hapo ndipo penye kazi. Wanakaa tu, wananyamaza, halafu kuna mahali wanapiga makofi. Nani anajua ni wapi?" Mzee akaketi juu ya kapu la nguo chafu, nalo likalalamika. "Dobi, wewe unajua nilivyo mgane mwaka wa tatu huu. Nimempata mama mmoja, hakimu mstaafu, mama wa heshima zake. Ameniuliza kama napenda muziki wa namna hiyo. Nikamwambia, mimi? Nimelelewa nao!"

"Na umewahi kuusikia?"

"Kwenye simu ya benki, wakiniambia nisubiri."

Dobi akaendelea kupiga pasi. Kuna mambo ambayo hata mvuke hauwezi kuyanyoosha.

"Nikipiga makofi pasipo pahali pake," mzee akaendelea, "ukumbi mzima utageuka. Mama hakimu ataniona mshamba, na posa yangu imekwisha. Heri nianguke kutoka juu ya ghala."

Hapo makoti yakatikisika, na kutoka katikati yao akatokea Sharubati amevaa koti la mtu, miwani ya mtu, na uso wa huzuni ambao angalau ulikuwa wake.

"Samahani, mzee wangu. Nimesikia neno okestra, moyo umenishtuka. Ni muda mrefu sijalisikia likitamkwa vizuri."

Dobi alikohoa. Hakusema kitu, kwa kuwa alikuwa akimdai, na mtu anayedai humwombea mdeni wake mafanikio.

"Wewe ni nani?" mzee akauliza.

"Mimi? Mtu mdogo tu. Wenye kunijua huniita Profesa. Nimefundisha makofi miaka tisa."

"Makofi nayo yanafundishwa?"

"Mzee, kupiga kelele kila mtu anajua. Kunyamaza ndiko kunakohitaji chuo."

Mzee alilitafakari neno hilo, na kwa vile lilikuwa halina maana yoyote, likamwingia sawasawa.

Walikubaliana palepale. Sharubati alikataa fedha kwa ishara ya mkono, akasema fedha huchafua sanaa. Alichohitaji, kama mzee angeona vema, ni paa la chuo chake cha muziki: mabati arobaini, geji ishirini na nane, pamoja na misumari na kofia za kufunika mgongo wa paa. Mzee Mabati naye, ambaye hakuzaliwa jana, akasema mzigo atautoa baada ya muziki. Sharubati akasema mwalimu hulipwa kabla ya mtihani. Walivutana mpaka chai ya dobi ikaisha. Mwisho wakaafikiana hivi: Jumapili mabati yatapakiwa kwenye mkokoteni na kusimamishwa mbele ya ukumbi. Mlangoni, mzee atamkabidhi profesa karatasi yenye sahihi. Mwenye mkokoteni atamfuata yeyote atakayemwonyesha karatasi hiyo, popote aendako.

"Lakini unakaa ndani mpaka mwisho," mzee akasema. "Ukitoka katikati, karatasi hiyo haina maana."

"Mzee! Nitoke katikati ya muziki? Mimi?"

Masomo yalifanyika ghalani, kati ya milima ya mabati, kwa siku tatu. Sharubati hakujua lolote kuhusu okestra isipokuwa aliyoyasoma kwenye nusu ya gazeti. Nusu ya pili ilikuwa imefungia shati la mtu. Lakini hakuna mwalimu anayezuiliwa na kitu kidogo kama hicho. Nawaambia hivi kwa uchungu wa mtu aliyewahi kukaa darasani.

"Kwanza," alisema, akitembea na rula mkononi, "muziki huu hausikilizwi kwa kutabasamu. Ukisikia raha, ifiche. Weka uso wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali."

Mzee akaweka.

"Vizuri. Hayo si majibu mabaya sana, lakini vizuri. Pili, kuna mtu mwenye kijiti. Atawapa mgongo watu wote tangu mwanzo mpaka mwisho. Usikasirike."

"Nimemlipia kiti halafu ananipa mgongo?"

"Ndiyo heshima yao. Tatu, makofi. Hapo usitumie akili yako hata kidogo. Mimi nitakaa nyuma yako. Nikigonga kiti chako kwa goti mara moja, piga. Nikigonga mara mbili, acha. Nikigonga mara tatu, tikisa kichwa polepole kama mtu aliyesamehe deni."

Wakafanya mazoezi. Mzee Mabati alikuwa na viganja vya kubebea mabati, na alipovigonganisha, njiwa wote wa ghalani waliruka. Kufikia Ijumaa alikuwa anatii goti kama gari linavyotii usukani, na Sharubati aliona fahari ya kweli, fahari ya mwalimu, ambayo ilimshangaza mwenyewe.

Na yeye Sharubati angejuaje wapi pa kugonga? Hapo ndipo palipokuwa na uzuri wa mpango. Mama hakimu angekaa kando ya mzee, mbele yake kabisa. Mama hakimu ni msomi, muziki huu anaujua. Sharubati angemtazama yeye mikono. Akipiga, naye agonge, na mzee angefuata nyuma yake kwa kitambo kidogo cha kupepesa jicho. Hata Sharubati mwenyewe alijipongeza kwa wazo hilo, huku akitazama kioo cha dobi.

Dobi alimvalisha suti ya mteja. "Mifuko nimeishona yote," akasema. "Mara ya mwisho ulirudisha koti la mwalimu mkuu na mfupa wa kuku ndani."

"Sasa karatasi nitaiweka wapi?"

"Kwani mimi ni mfuko?"

*

Jumapili saa tisa na nusu, mkokoteni ulikuwa mbele ya ukumbi, mabati yakimeta juani, na mwenye mkokoteni amelala kwenye kivuli chake. Sharubati aliyatazama kwa mapenzi. Aliona moja kwa moja nyumba ya mama ikifunikwa, kabati la dada likirudi upande wake, na shemeji akikunja shuka vibaya tena kwa amani.

Mlangoni mzee alimkabidhi karatasi. Kwa kukosa mfuko, Sharubati akaichomeka kwenye kijitabu cha tamasha alichopewa na mama mmoja wa makamo mwenye glavu nyeupe, mlinda mlango, aliyetazama kila mtu kama mwalimu wa zamu anavyotazama bweni.

"Mama hakimu," mzee akasema kwa sauti ya kanisani, "huyu ni profesa, mtu wa muziki."

"Shikamoo, mheshimiwa," Sharubati akainama.

"Marahaba, profesa." Mama hakimu alikuwa mwanamke mnene wa wastani, kilemba cha zambarau, miwani kwenye mnyororo, na sauti iliyokuwa tayari kumpa mtu miezi sita. "Leo tutastarehe. Mzee ameniambia muziki huu ameunyonya pamoja na maziwa."

Wakaketi, mzee na mama hakimu safu ya nne, Sharubati safu ya tano. Ukumbi ulijaa wakubwa na wake zao, wote wameketi wima. Wanamuziki wakaingia, wakaanza kukoroga sauti, kila mmoja na lake. Mzee akageuka, jasho linamtoka.

"Wameanza?"

"Wanapasha moto," Sharubati akanong'ona, naye akiomba Mungu iwe kweli.

Ikawa kweli. Akaja mwenye kijiti, akawapa watu mgongo, na muziki ukaanza.

Sharubati hakuusikia. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya mama hakimu kama macho ya paka kwenye tundu. Mikono ilikaa kimya juu ya mkoba. Mafidla yalipanda, yakashuka, matarumbeta yakalalamika, ngoma kubwa ikanguruma mara moja ikaona haya. Mikono, kimya. Kisha vyombo vyote vikanyamaza kimoja kimoja, ikabaki filimbi peke yake, sauti nyembamba inayopita ukumbini kama uzi kwenye tundu la sindano. Hakuna aliyepumua.

Hapo mbu akapita mbele ya miwani ya mama hakimu.

Mama akainua viganja viwili. Pa!

Sharubati akagonga goti. Mzee Mabati, mwanafunzi mtiifu kuliko wote waliowahi kufundishwa kwa rula, akafungua viganja vyake na kupiga makofi kama ghala linaloporomoka. Pu! Pu! Pu! Mpiga filimbi akaruka kitini. Mwenye kijiti akakishusha kijiti.

Ukimya ule uliofuata unaweza kuwekwa makumbusho.

Halafu, na hapa ndipo ninapowapenda watu wa mji ule, mkuu mmoja wa safu ya kwanza akawaza kwamba akikosa kupiga makofi ataonekana mshamba. Akapiga. Mke wake akapiga. Safu ya pili ikahofia safu ya kwanza, ya tatu ikaihofia ya pili, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima ulikuwa unashangilia. Mpiga filimbi, uso mwekundu, akasimama akainama. Mtu mmoja tu hakupiga: yule mama wa glavu, aliyekuwa amejifunika uso.

Lakini Sharubati alikuwa ameganda. Kwa sababu alikuwa ameona jambo. Mama hakimu, baada ya kumuua mbu, alikuwa ameweka mikono chini. Kisha, mzee alipoanza kupiga, alimtupia jicho la pembeni, la haraka, la kuiba, naye ndipo akaanza kupiga. Jicho hilo Sharubati alilijua. Ni jicho la mtu aliyeingia chumba cha mtihani bila kusoma na kumkuta jirani anaandika.

Mama hakimu hakujua lolote. Alikuwa anamwiga mzee. Mzee alikuwa anamwiga Sharubati. Na Sharubati, profesa wa miaka tisa, alikuwa anamwiga mama hakimu. Watu watatu walikuwa wanaongozana gizani, kila mmoja ameshika shati la mwenzake, na wa mbele hayupo.

*

Wakati wa mapumziko mzee alikwenda msalani kufurahi. Sharubati akamfuata mama hakimu mpaka kwenye meza ya maji.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza swali la sheria. Mtu akiua mbu katikati ya muziki, hukumu yake ni nini?"

Mama akanywa maji bila haraka. "Inategemea. Kuna shahidi?"

"Mmoja. Alikaa nyuma."

"Huyo huyo aliyekuwa anapiga goti kiti cha jirani yangu? Maana nilisikia kiti kikilia kabla ya makofi. Nikajiuliza, mzee amelelewa na muziki huu, mbona anaendeshwa kama punda?"

Wakatazamana. Sharubati ndiye aliyeanza kutabasamu.

"Mzee ameusikia kwenye simu ya benki," akasema.

"Na wewe?"

"Nusu ya gazeti."

"Mimi sikupata hata gazeti," mama akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika meza.

"Na uhakimu?" Sharubati akauliza akifuta machozi.

"Nimeuza chai nje ya mahakama miaka kumi na mmoja, mwanangu. Nimesikia hukumu nyingi kuliko hakimu yeyote, na wateja wangu walikuwa wanarudi." Akaweka miwani sawa. "Sasa tuambiane. Mimi nataka ile nyumba yake ya ghorofa iliyopo nyuma ya soko. Wewe unataka nini?"

Na hapo Sharubati, kwa kuzidiwa na ile furaha ya kukutana na mtu wa fani yake, akafanya kosa ambalo hakulifanya tangu aanze kazi. Alisema ukweli.

"Mabati tu. Nyumba ya mama yangu imeezuliwa na upepo."

"Masikini! Mama yako mzazi?"

"Yuko kwa dada, anawahamishia makabati."

"Ndiyo yale niliyoyaona kwenye mkokoteni?"

"Yaleyale. Karatasi yake hii hapa." Akakipigapiga kijitabu.

"Mungu akubariki. Mtoto anayemkumbuka mama yake!" Mama akamsogelea kwa huruma, na kwa huruma hiyo hiyo maji yakamwagika kwenye mkono wa koti la mteja wa dobi. "Jamani, pole, mwanangu! Nishikie glasi. Hii nayo. Lete kijitabu kisilowe."

Sharubati alisimama na glasi mbili kama mhudumu, akafutwa mkono kwa leso yenye marashi. Kengele ikalia. Mama akachukua glasi, akampa kijitabu, akamgusa shavu.

"Kaa, kijana wangu. Usimwangushe mzee. Mimi namtumia mtu salamu kwa simu, nakuja."

Akili nyingi huondoa maarifa. Wahenga walisema hivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvaa suti ya mtu.

*

Mlango ukafungwa. Mwenye kijiti akainua mkono. Kiti cha mama hakimu kilikuwa kitupu. Sharubati akafungua kijitabu chake, akakikung'uta, akakigeuza, akakinusa. Kilinukia marashi. Karatasi haikuwamo.

Muziki ulianza kwa fujo, ngoma na matarumbeta, na Sharubati akainuka. Kutoka mwisho wa safu mama wa glavu akainua kidole kimoja cheupe. Midomo yake ilisema bila sauti: *mlango haufunguliwi mpaka wamalize.* Kati ya Sharubati na mlango kulikuwa na magoti kumi na moja na kidole kile. Akaketi. Aliona kwa macho ya moyo gurudumu la mkokoteni likianza kuzunguka.

Mzee akageuza shingo. "Mama hakimu yuko wapi?"

"Anapiga simu. Tazama mbele."

Baada ya karne moja, au dakika kumi, muziki ukakoma. Sharubati hakungoja. Aliruka juu, kiti kikajikunja kwa kishindo, na mzee, akikisikia kiti, akageuka, akamwona profesa wake amesimama. Akasimama na kupiga makofi kwa nguvu zote. Nyuma yao watu waliokwisha kuamua kwamba safu ya nne na ya tano ndizo zenye wajuzi wakasimama. Kisha ukumbi wote. Magoti kumi na moja yalikuwa sasa matumbo kumi na moja. Sharubati akasukuma, akasukumwa.

Mwenye kijiti akageuka, ameduwaa, akaweka mkono kifuani, akainama. Halafu akageuka tena na kuendelea. Ilikuwa sehemu ya kwanza tu, na zilikuwa nne.

Watu wakaketi. Sharubati akaketishwa.

Sehemu ya pili ilikuwa ya polepole, ya kuua. Mafidla yalivuta sauti moja ndefu, na kwa kila inchi ya sauti hiyo mkokoteni ulikuwa unakata kona. Sharubati alishika kiti cha mbele mpaka vidole vikauma. Mzee alidhani anaambiwa kitu, akatikisa kichwa kama mtu aliyesamehe deni. Muziki uliposimama, Sharubati akaruka, ukumbi ukaruka naye. Sehemu ya tatu ilipoisha, ukumbi ulisimama kabla yake. Wanamuziki, ambao pengine hawakuwahi kupendwa hivyo popote, wakaanza kupiga kwa machozi machoni.

Sehemu ya nne ilipofika mwisho, mwisho wa kweli, na kijiti kikasimama hewani, Sharubati hakuinuka. Nguvu zilikuwa zimekwisha. Alikaa kichwa mikononi. Mzee akamtazama, akakaa. Ukumbi ukamtazama mzee, ukakaa. Okestra nzima ikangoja. Hakuna aliyethubutu. Mwishowe yule mama wa glavu, pale mlangoni, akapiga makofi peke yake, mapole, ya kujua, na wengine wakamfuata kwa aibu.

Sharubati alikuwa keshatoka mbio.

Mbele ya ukumbi kulikuwa na mlinzi wa magari na alama mbili za magurudumu vumbini.

"Mkokoteni uko wapi?"

"Umeondoka na yule mama wa kilemba. Alikuwa na karatasi." Mlinzi akakuna kichwa. "Ndiye wewe profesa? Ameacha salamu. Amesema nikwambie, kesi imefungwa."

Mzee Mabati akatoka anahema. Akaangalia alama za magurudumu, akamwangalia Sharubati, akaangalia tena alama.

"Mama hakimu kachukua mabati yako?"

"Kachukua, mzee."

"Hakimu?"

"Anauza chai."

Mzee akaketi kwenye ngazi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Sharubati, ambaye hakuwahi kumliza mtu na kubaki palepale kuangalia, akaona vibaya. Akaketi karibu naye. Ndipo alipogundua kwamba mzee anacheka.

"Yale mabati!" mzee akasema kwa shida. "Matatu ya juu ndiyo mazima. Yaliyobaki yameezuliwa kwenye bwalo la shule moja ya bweni. Matundu ya misumari kila pahali! Nimeyapiga rangi tu. Wanafunzi wale walikuwa wanakula uji wa maji ya mvua!"

Sharubati akasimama. Uso wake ulikuwa wa rangi ambayo dobi hawezi kuitoa.

"Mzee! Mama yangu mzazi angelala chini ya chujio?"

"Mama gani? Ulisema chuo cha muziki!"

"Hakuna chuo! Kuna mama! Nyumba yake imebaki kuta tupu, yuko kwa dada yangu, na kesho wananiletea!"

"Sasa mimi ningejuaje? Profesa gani ana mama anayelowana?"

Walikuwa wamesimama pua kwa pua, kila mmoja amekasirika kwa haki, jambo ambalo wote wawili hawakulizoea. Watu wenye heshima zao walikuwa wanatoka ukumbini, na kila aliyepita aliwainamia kidogo, kama wanavyoinamiwa wajuzi. Wao wakajibu kwa kuinama.

"Tamasha zuri sana," mkuu wa safu ya kwanza akasema.

"Hasa ile filimbi," mzee akajibu kwa sauti nzito. Mkuu alipopita akaongeza polepole, "Yule mtu alikuwa anapiga vizuri kweli. Ndipo wewe ukanipiga goti."

"Kesho sokoni," mzee akasema, "watu wataniuliza harusi lini. Wakijua niliposa muuza chai na nikafundishwa makofi na..." Hakumalizia. "Wewe mdomo wako unafungwa na nini?"

"Paa," Sharubati akajibu bila kupoteza muda.

Mzee akatoa kalamu. "Nyumba ya mama ina vyumba vingapi?"

Ilikuwa na vyumba viwili. Jibu lilikuwa limeshavaa viatu, limesimama kwenye ncha ya ulimi, tayari kutoka.

"Vitano," Sharubati akasema.

Mzee akamtazama kitambo. Kisha akaandika. "Viwili," akasema.

"Na veranda, mzee."

"Hakuna veranda."

Sharubati akainamisha kichwa. Mzee akakunja karatasi na kumwekea kwenye kiganja, akavikunja mwenyewe vidole vya Sharubati juu yake, kimoja kimoja.

"Njoo kesho asubuhi, jua likiwa kali," akasema. "Na kila bati ulinyanyue juu ulitazame kabla hujalipakia. Mimi usiniamini."